Alizeti, mawese, nazi, samli au samaki: ini lako linapokea amri gani?

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha jaribio ambalo mpishi wa Tanga au Kisumu angedhani limetungwa kwa ajili yake. Walichukua vijana 39 wenye uzito wa kawaida, wakawapa keki ndogo za kula kila siku juu ya chakula chao cha kawaida kwa wiki 7. Keki zilikuwa za aina moja isipokuwa mafuta: kundi moja zilitengenezwa kwa mawese yaliyosafishwa, kundi la pili kwa alizeti. Makundi yote mawili yalinenepa sawasawa, kama kilo 1.6 kwa mtu. Lakini walipopimwa kwa MRI, waliokula mawese walikuwa wamelundika mafuta kwenye ini kuliko wenzao kwa tofauti kubwa, na tumboni ndani vilevile. Wa alizeti waliongeza nyama isiyo mafuta karibu mara tatu ya wale wa mawese.

Miaka mitano baadaye timu hiyohiyo ilirudia kwa watu wenye uzito uliozidi. Safari hii mafuta ya ini yalipanda kwa karibu nusu kwa waliopewa mawese, na kwa waliopewa alizeti hayakupanda.

Kalori zilikuwa sawa, kilo zilizoongezeka zilikuwa sawa, ila ini halikuwa sawa. Anayehesabu mafuta kama nishati tu hawezi kuyaeleza matokeo haya. Inabidi tukubali kwamba mafuta yanapoingia kwenye seli ya ini yanatoa amri pia, na amri za mawese si za alizeti. Ulinganisho huu unafuata amri hizo, chupa kwa chupa, ili ujue unachochagua.

Jinsi ini linavyoyasoma mafuta

Chakula hakibadilishi jeni ulizozaliwa nazo. Kinachobadilika ni zipi zinasomwa leo, na kwa kasi gani. Kazi hiyo hufanywa na protini zinazokaa juu ya DNA, na baadhi ya protini hizo hushikwa moja kwa moja na asidi za mafuta zilizotoka kwenye sahani yako.

Mojawapo ni PPAR-alfa. Issemann na Green waliielezea mwaka 1990 nchini Uingereza, wakifuatilia kwa nini kemikali fulani hulifanya ini la panya livimbe. Baadaye ikaonekana kwamba asidi za mafuta zenyewe zinaingia kwenye protini hiyo. Zikishaingia, jeni za kuchoma mafuta huwashwa: CPT1A, inayofungua mlango wa mitokondria (tanuru za seli), HMGCS2 ya kutengeneza ketoni (nishati ya akiba itokanayo na mafuta), na nyingine nyingi. Dawa za kushusha mafuta ya damu za kundi la fibrate, kama fenofibrate, hufanya kazi kwa kuishika protini hiyohiyo. Mwaka 1999 ilionekana kwamba panya waliozaliwa bila jeni ya PPAR-alfa wakishinda siku nzima bila chakula, ini lao hujaa mafuta na sukari yao ya damu huporomoka. Mafuta yapo, ila hakuna wa kuamuru yachomwe.

Upande wa pili yupo SREBP-1c, bwana wa kutengeneza mafuta. Protini hii hukaa imefungwa kwenye utando ndani ya seli kama mbuzi kwenye kigingi, na haifanyi lolote mpaka vimeng'enya viwili viikate na kipande chake kikimbilie kwenye kiini cha seli. Kikifika huko kinawasha jeni za FASN, SCD1 na wenzao, na ini linaanza kugeuza sukari kuwa mafuta. Ndugu yake, SREBP-2, anashughulika na lehemu (kolesteroli): akiwa huru, ini linaweka vipokezi vingi vya LDL (chembe zinazobeba lehemu kwenye damu) juu ya seli zake na kuvuta lehemu kutoka kwenye damu. Sehemu kubwa ya hadithi hii imetoka kwenye maabara ya Michael Brown na Joseph Goldstein, Dallas, waliopata Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya lehemu na kipokezi cha LDL.

Sasa ulinganisho wenyewe. Mafuta yasiyoshiba kabisa, yaani yenye linoleiki (asidi inayotawala kwenye alizeti) au omega-3 (ya samaki), humbana SREBP-1c kwa njia tatu: hupunguza kasi ambayo jeni yake inasomwa, huzuia asikatwe kutoka kwenye kigingi, na hufupisha maisha ya ujumbe wa RNA unaomtengeneza. Mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda kirahisi, hayana breki hiyo. Mbaya zaidi, mwaka 2005 maabara ya Bruce Spiegelman huko Boston ilionyesha kwamba panya wakilishwa mafuta yaliyoshiba au ya trans (yanayozaliwa mafuta yakigandishwa kiwandani), ini lao huongeza protini iitwayo PGC-1-beta, na kazi ya protini hiyo ni kumtia nguvu SREBP.

Tahadhari moja, kisha tuendelee. Habari nyingi za jeni zimetoka kwa panya, kwa sababu si rahisi kumchoma mtu mzima sindano ya ini kwa udadisi tu. Kwa binadamu tunapima matokeo: mafuta ya ini, LDL, trigliseraidi (mafuta yanayozunguka kwenye damu). Nitakapotaja panya, nitasema panya.

Kilichomo kwenye chupa

Namba hizi ni za kukadiria, gramu katika kila gramu 100. Hutofautiana kwa mbegu, udongo na hali ya hewa. Alizeti iliyokomaa kwenye joto kali, kwa mfano, huwa na oleiki (asidi inayotawala kwenye zeituni) zaidi na linoleiki pungufu.

| Mafuta | Yaliyoshiba | Oleiki | Linoleiki | Omega-3 |
|---|---|---|---|---|
| Alizeti ya kawaida | 11 | 25 | 60 | hakuna ya kutaja |
| Soya | 15 | 23 | 53 | 7 |
| Ufuta | 15 | 40 | 42 | chini ya 1 |
| Karanga | 18 | 47 | 32 | hakuna ya kutaja |
| Zeituni | 14 | 73 | 10 | chini ya 1 |
| Mawese | 50 | 40 | 10 | chini ya 1 |
| Samli | 62 | 27 | 3 | 1 hivi |
| Nazi | 87–90 | 6 | 2 | hakuna |

Alizeti na mawese

Huu ndio uamuzi ambao nyumba nyingi za Afrika Mashariki hufanya kila wiki, hata bila kujua. Mafuta mengi ya bei nafuu dukani, yale ya dumu na yale ya kupima, ni mawese yaliyoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia, yakasafishwa na kuondolewa rangi na harufu. Jina kwenye lebo linaweza kuwa "mafuta ya kupikia" au "mafuta ya mboga" na mawese yasionekane mahali popote penye herufi kubwa.

Kwa ini la mtu mzima anayekula vya kutosha, alizeti inashinda, na sioni sababu ya kuuma maneno. Majaribio ya Uppsala yanasema hivyo. Jaribio la tatu la huko, la mwaka 2012, lililowalinganisha watu wenye vitambi, wengine wakila siagi na wengine alizeti kwa wiki 10, linasema hivyo pia: wa alizeti walimaliza na mafuta machache kwenye ini. Panya nao wanakubali. Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba linoleiki ikiongezwa kwenye chakula cha panya, ini lake hupunguza kutengeneza mafuta mapya. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kumpata SREBP-1c na kueleza kwa nini.

Utasikia mtandaoni kwamba mafuta ya mbegu "yanawasha mwili" na kwamba linoleiki ni sumu ya polepole. Kwa upande wa ini, ushahidi tulionao kwa binadamu unaelekea kinyume. Lawama hizo nazisikia zaidi kwa watu wanaouza mafuta ya nazi.

Lakini mawese si kitu kimoja. Mawese mekundu ya Kigoma, Burundi na Kongo, yale yanayotia doa kwenye shati na halitoki, yamejaa karotini, miligramu 500 hadi 700 katika kila kilo. Mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ini ndilo ghala lake kuu. Hapa hesabu ya jeni inageuka kidogo, kwa sababu PPAR-alfa haikai juu ya DNA peke yake. Hukaa na mwenzake RXR, na RXR hushikwa na aina ya asidi inayotokana na vitamini A. Kwa mtoto anayekula ugali na mboga kidogo, kijiko cha mawese mekundu kwenye maharage kina maana ambayo alizeti iliyosafishwa haina. Ila yakichemshwa mpaka wekundu upotee, karotini imekwenda na kilichobaki ni palmitiki, asidi iliyoshiba ya mawese. Anayeyachoma hivyo "kuyaondoa harufu" anajinyima kitu pekee kilichokuwa kinayatetea.

Kwa hiyo: mekundu, kidogo, bila kuyaunguza, hasa kwa watoto na mama wajawazito wasio na vyanzo vingine vya vitamini A. Meupe ya kupima, kila siku, kwa mtu mwenye kisukari au ini lililoanza kujaa mafuta, hapana.

Nazi na samli

Hapa naingia kwenye vita na Pwani nzima, na nusu ya ndugu zangu.

Madai makubwa ya watetezi wa nazi ni kwamba mafuta yake ni "ya mnyororo wa kati," kwamba yanakwenda moja kwa moja kwenye ini na kuchomwa papo hapo. Kuna ukweli nusu. Asidi fupi, zile za kaboni 8 na 10, kweli huingia kwenye mshipa unaotoka utumbo kwenda ini bila kupitia njia ya limfu, na kweli huchomwa haraka. Lakini hizo ni karibu asilimia 14 tu ya mafuta ya nazi. Karibu nusu yake ni lauriki, yenye kaboni 12, na lauriki nyingi hupita kwenye limfu kama mafuta marefu. Majaribio yaliyofanywa kwa mafuta safi ya mnyororo wa kati hayaruhusu mtu kuyauza mafuta ya nazi kwa jina hilohilo.

Kwenye lehemu, nazi hupandisha LDL kuliko mafuta yasiyoshiba ya mimea, ingawa siagi huipandisha zaidi. Sababu inarudi kwa SREBP-2 na vipokezi vya LDL. Katika panya wa aina ya hamster imeonekana wazi kwamba asidi zilizoshiba hupunguza kazi ya vipokezi hivyo kwenye ini: lehemu ndani ya seli haihifadhiwi kirahisi, seli inajiona imeshiba, SREBP-2 anabaki kwenye kigingi, vipokezi vinapungua, na LDL inabaki kuzunguka kwenye damu.

"Mbona wazee wetu walikula nazi na walikuwa wazima?" Swali zuri, na limewahi kufanyiwa kazi mbali na hapa. Ian Prior na wenzake walichunguza watu wa visiwa vya Pasifiki, vya Pukapuka na Tokelau, wakachapisha mwaka 1981. Wa Tokelau walipata asilimia 63 ya nishati yao kutoka kwenye nazi, wa Pukapuka asilimia 34. Lehemu ya damu ilikuwa juu zaidi Tokelau, kama nadharia inavyotaka, lakini magonjwa ya mishipa yalikuwa nadra sehemu zote mbili. Sukari walikula kidogo, na kiti cha ofisi hawakuwa nacho. Walikula nazi yenyewe, na nyuzi zake, pamoja na samaki. Mzee wa Pemba wa zamani naye hakula tofauti sana. Anayekunywa vijiko viwili vya mafuta ya nazi kila asubuhi huku akila chapati na chai ya sukari hafanani na mzee huyo.

Tui nalitenga na mafuta ya nazi ya chupa. Tui zito lina mafuta kama robo hadi moja ya tano ya uzito wake. Tui la pili ni jepesi sana. Mchuzi wa samaki wa nazi unaogawanywa kwa watu sita haunitishi. Wali wa nazi wa kila siku pamoja na mbaazi za nazi pamoja na mahamri ya tui, huo ni mzigo.

Samli ina asidi zilizoshiba pungufu kuliko nazi, lakini ina palmitiki nyingi zaidi na ina lehemu yake yenyewe, kama miligramu 250 hadi 300 katika gramu 100. Kwa LDL ya mtu, nazi ni afadhali kuliko samli, na alizeti ni afadhali kuliko zote mbili. Samli niiache ilipo bora: kijiko cha chai juu ya pilau ikiwa imeshaiva, kwa harufu. Kukaangia vitunguu kwa samli ni kutumia kitu cha gharama mahali ambapo hakuna anayekisikia.

Samaki dhidi ya wote

Kama ningeulizwa ni mafuta gani yanazungumza na jeni za ini kwa sauti kubwa kuliko yote, ningejibu bila kusita: EPA na DHA, omega-3 za samaki. Katika ini la panya humbana SREBP-1c kwa nguvu na pia huamsha uchomaji. Kwa binadamu, gramu 2 hadi 4 kwa siku za EPA na DHA hushusha trigliseraidi za damu kiasi kinachoonekana kliniki, na zipo dawa zilizoidhinishwa zenye kitu hicho tu. Kipimo hicho ni cha daktari. Ni kikubwa kuliko kinachopatikana kwa mlo wa kawaida, na sitaki mtu adhani vidonge viwili vya dukani vinatosha.

Alizeti haiwezi kuchukua nafasi ya samaki. Haina omega-3 ya maana. Soya inayo, gramu 7 katika 100, lakini ni ya aina ya alfa-linoleniki, na mwili huigeuza kuwa EPA kwa shida na kuwa DHA kwa shida zaidi. Kwa hiyo samaki na alizeti si washindani wa nafasi moja. Samaki anajaza pengo ambalo alizeti inaliacha.

Samaki gani? Wa bahari wenye mafuta: vibua, jodari, dagaa wa baharini. Dagaa wa Ziwa Victoria, omena kwa Wakenya na mukene kwa Waganda, nao wana omega-3, na huliwa mzima na mifupa yake kwa bei ambayo jodari haiijui. Tatizo ni sufuria. Dagaa waliozamishwa kwenye mafuta ya mawese yanayochemka wanatoka na mafuta ya sufuria mengi kuliko ya kwao. Wachemshe kwa nyanya na kitunguu, au wakaange kwa kijiko kimoja cha alizeti ukiwageuza, na ulichonunua kitabaki kuwa ulichonunua.

Zeituni, karanga, ufuta

Nitapita haraka. Oleiki, inayotawala kwenye zeituni, haimbani SREBP-1c kama linoleiki, lakini haimchochei kama palmitiki. Ikichukua nafasi ya mafuta yaliyoshiba, LDL hushuka. Zeituni ni nzuri na ni ghali, na faida zake nyingi hupatikana kwa karanga, korosho, ufuta na parachichi, vitu vinavyoota hapa. Mtu anayejinyima nyama ya mwezi mzima ili anunue zeituni ya kukaangia mayai amepotoshwa na picha za Instagram.

Mafuta mgando na sufuria ya muuza chipsi

Mafuta mgando ya kopo yalikuwa yakigandishwa kwa kupitishiwa haidrojeni, na njia hiyo ikiishia nusu huzaa mafuta ya trans. Haya hayana mtetezi. Hupandisha LDL, hushusha HDL (ile lehemu iitwayo nzuri), na kwenye ini la panya humtia nguvu SREBP sawa na yaliyoshiba au zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi asilimia 1 ya nishati ya siku, na mwaka 2018 lilitangaza mpango wa kuyafuta kwenye viwanda vya chakula duniani. Siku hizi kopo nyingi hugandishwa kwa mawese badala ya haidrojeni. Ni nafuu kwa moyo, lakini kwa ini umerudi palepale kwenye palmitiki. Ukiona kwenye kopo maneno yanayosema mafuta yameongezwa haidrojeni kwa sehemu, lirudishe kwenye rafu.

Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yana kisa cha ajabu. Panya waliolishwa mafuta ya kukaangia yaliyooksidika walionekana na PPAR-alfa iliyoamka, jeni za kuchoma mafuta zikiwa juu, na ini lililovimba. Mtu wa haraka angesema, kumbe ni mazuri! Hapana. Ini linapambana na takataka, na vimeng'enya vinavyopanda ni pamoja na vile vya kundi la CYP4A, sehemu ya mitambo ya kuvunja asidi za mafuta zisizo za kawaida. Kuwashwa kwa jeni "nzuri" hakumaanishi kuwa kilichoiwasha ni kizuri, na hili wauza virutubisho wangependa usilijue.

Hapa pia alizeti inapoteza pointi: linoleiki yake huoksidika haraka kuliko palmitiki kwenye moto mkali wa muda mrefu. Kwa anayekaanga chipsi kutwa kwenye karai moja, mawese hustahimili zaidi, na kwa kazi hiyo namwelewa muuzaji anayeyachagua. Wewe nyumbani, unayekaanga vitunguu dakika tano, hoja hiyo haikuhusu. Mafuta yakishakuwa meusi, yanatoa povu na kunata, hayana jina tena, yamwage.

Mshindani aliyesahauliwa

Mwaka 2018 watafiti wa Helsinki, Finland, walilinganisha njia tatu za kula kupita kiasi. Watu 38 waliongezewa kalori 1,000 kwa siku kwa wiki 3. Kundi la kwanza lilipewa mafuta yaliyoshiba: nazi, siagi na jibini. La pili mafuta yasiyoshiba, kama zeituni na njugu. La tatu sukari: peremende, juisi ya machungwa na soda. Mafuta ya ini yalipanda kwa asilimia 55 kundi la kwanza, asilimia 15 la pili na asilimia 33 la tatu.

Tazama hiyo 33 tena. Sukari, bila tone la mafuta ya ziada, ililijaza ini mara mbili ya mafuta yasiyoshiba. Insulini inapopanda baada ya soda au sahani kubwa ya wali, huongeza usomaji wa jeni ya SREBP-1c, na glukosi yenyewe huamsha protini nyingine, ChREBP, inayowasha karibu jeni zilezile. Mwaka 2005 Wamarekani waliofuatilia chanzo cha mafuta kwenye ini la watu wenye ini lililojaa mafuta walikuta kwamba asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe, 59 yalitoka kwenye akiba ya mwili, na 15 tu yalitoka moja kwa moja kwenye chakula chenye mafuta.

Maana yake kwa anayechagua: kubadilisha mawese kwa alizeti huku soda mbili na mlima wa ugali vikibaki palepale ni kumkanyagia SREBP-1c breki na mafuta ya gari kwa wakati mmoja. Nafuu ipo, ila ndogo. Na kiasi cha mafuta kinabaki kiasi. Lita moja ya mafuta yoyote ina karibu kalori 8,200. Familia ya watu watano inayoimaliza kwa wiki moja inampa kila mtu zaidi ya kalori 230 kwa siku za mafuta ya kupikia peke yake, kabla ya nyama, maziwa na maandazi ya mtaani.

Ningechagua nini

Kwa mwenye ini lililojaa mafuta, kisukari au kitambi kinachokua: alizeti au soya ya kupikia, kwa kupimwa kwa kijiko, samaki mara mbili kwa wiki, na soda itoke kwanza kabla hujaanza kubishana kuhusu chupa. Kwa mwenye LDL ya juu, hivyohivyo, na nazi na samli zirudi kuwa viungo vya siku moja moja. Anayetumia statini (dawa ya kushusha lehemu) au fenofibrate aendelee nazo, kwani chakula hakitoshi kuchukua nafasi ya dozi. Kwa nyumba yenye watoto wadogo wasiopata mboga na matunda ya kutosha, weka chupa ndogo ya mawese mekundu kando ya alizeti, na uyaongeze chakula kikiwa karibu kuiva. Kwa mtu mwembamba, mchapakazi, asiye na sukari wala presha, anayekula tui la babu yake na samaki wa asubuhi, sina la kumrekebisha.

Dukani, soma upande wa nyuma wa lebo, pale palipoandikwa viungo, usiishie mbele. "Mafuta ya mimea" bila kutaja mmea mara nyingi ni mawese. Alizeti ya kukamuliwa Singida au Dodoma kwa mashine ndogo ni chaguo zuri, mradi yawe yamechujwa vizuri na hayajakaa juani barabarani. Mafuta yenye linoleiki nyingi hayapendi jua, na chupa angavu zilizopangwa kando ya lami saa nane mchana zimeshaanza kuharibika. Yanunue kwenye kivuli, ya msimu huu, kiasi cha mwezi mmoja.

Kwa mafuta ya kupima ambayo hayana lebo, kuna jaribio la bure kwa anayeishi Njombe, Mbeya au Limuru, au aliye na friji. Weka kidogo kwenye chupa safi usiku kucha penye baridi. Alizeti ghafi inaweza kufanya ukungu kidogo kwa nta ya maganda, lakini hubaki inamiminika. Ikiamka imeganda nusu chupa, mweupe umeshika chini na mafuta yakielea juu, basi kwa uwezekano mkubwa umenunua mawese, hata kama Mangi wa dukani aliapa kwamba ni alizeti.